Kuchagua Kasha la Nywila: Tuliyojifunza katika Kampuni ya Watu Mia na Arobaini

Wasomaji wa jarida hili wamezoea kukutana na makala za ngeli, za fasihi simulizi na za ufundishaji wa insha. Safari hii tunaomba waturuhusu kutoka kidogo nje ya darasa, ingawa tutarudi humo kabla ya kumaliza. Jambo lenyewe ni nywila, yaani jinsi kampuni ya kadiri, isiyo duka la watu watano wala benki ya watu elfu tatu, inavyoweza kuchagua mfumo wa kuzitunza.

Hatukulitafuta jambo hili. Mwaka 2023 kampuni moja ya uchapishaji hapa Kampala, ambayo imewaajiri wahitimu kadhaa wa idara yetu, ilimpoteza msanifu wake mkuu wa kurasa katika ajali ya barabarani. Mungu amlaze mahali pema. Baada ya matanga, wenzake walipotaka kuendelea na kitabu cha mwanafunzi cha Kiswahili alichokuwa akikimalizia, waligundua kwamba faili za mwisho zilikuwa katika hifadhi ya mtandaoni iliyofunguliwa kwa baruapepe yake binafsi. Nywila aliijua yeye peke yake. Simu iliyokuwa ikipokea namba za uthibitisho ilivunjika katika ajali ile ile. Wenye hifadhi wakaomba hati za mahakama, na hati za mahakama hazitoki kwa wiki moja. Basi sisi tuliokuwa waandishi wa kitabu kile tulikaa, mmoja akisoma na mwingine akipiga chapa, tukaziandika upya kurasa 212 kutoka katika nakala ya karatasi iliyojaa masahihisho ya kalamu nyekundu. Siku ya kuwasilisha muswada ilitukuta tukiwa bado katika sura ya kumi.

Marehemu hakufanya kosa lolote ambalo wengine hawakulifanya. Kampuni ilipoamua kutafuta mfumo wa kutunza nywila, iliunda kamati ya watu sita: meneja wa fedha, fundi wa mitandao, mkuu wa ghala, msomaji prufu mmoja, na wawili kati yetu. Sisi tuliitwa rasmi ili tuandike mwongozo wa wafanyakazi kwa Kiswahili. Tunashuku tuliitwa pia kwa sababu ya zile kurasa 212. Kazi ilichukua miezi minne, na haya ndiyo tuliyoyaona.

Kwanza tukubaliane juu ya maneno. Wengine husema neno la siri au nenosiri, wengine nywila. Sisi tunatumia nywila, na sababu yetu ni ya kivitendo kuliko ya kiisimu: ukimwambia mtu achague "neno" la siri, atachagua neno, na mara nyingi litakuwa jina la mtoto wake. Mfumo wenyewe tumeuita kasha la nywila. Ni programu inayohifadhi nywila zote za mtu au za kampuni zikiwa zimesimbwa, yaani zimegeuzwa kuwa fumbo lisilosomeka bila ufunguo. Mwenye kasha hukumbuka nywila moja tu, nywila kuu, na hiyo ndiyo hulifungua. Kasha hutunga nywila nyingine zote kwa bahati nasibu, ndefu na zisizofanana, kisha huzijaza lenyewe kwenye tovuti zinapohitajika. Hapo pana faida ambayo watu huisahau: kasha hujaza nywila kwenye anwani iliyosajiliwa tu. Mfanyakazi akivutwa na baruapepe ya kitapeli hadi kwenye tovuti bandia ya benki, macho yake yanaweza kudanganyika, lakini kasha litanyamaza. Kunyamaza huko ndiyo onyo.

Kabla ya kutazama mfumo wowote, kamati iliorodhesha akaunti zote za kampuni. Hatukutegemea kazi hiyo ituchukue wiki tatu. Kulikuwa na akaunti za mtu mmoja mmoja, ambazo hazikutusumbua. Kulikuwa na nywila za vifaa: ruta, seva, kamera za lango. Halafu kulikuwa na kundi la tatu, lile linalotumiwa na watu wengi kwa pamoja: tovuti ya kodi, benki, wauzaji wa karatasi, ukurasa wa matangazo, akaunti za kununulia fonti na picha. Humo ndimo matatizo yalimokuwa. Nywila moja, iliyokuwa jina la kampuni likifuatwa na mwaka wa kuanzishwa kwake, ilifungua milango kumi na minne. Ilijulikana na kila mtu, wakiwamo walioondoka miaka mingi iliyopita. Mzee wa ghala alipoisikia ikitajwa kikaoni alicheka, akasema, "Hiyo, Mwalimu, hata mwanangu anaijua. Alifanya mafunzo kwa vitendo hapa."

Kwa nini kucheka kuliisha ni kwa sababu ya mfano ambao fundi wa mitandao alituletea. Mei 2021 bomba la Colonial Pipeline, linalosafirisha sehemu kubwa ya mafuta ya pwani ya mashariki ya Marekani, lilifungwa kwa siku kadhaa baada ya wavamizi kuingia katika kompyuta za kampuni na kudai fidia. Kampuni ililipa karibu dola milioni 4.4, ingawa sehemu ya fedha ilirejeshwa baadaye na serikali. Waliingia kupitia akaunti moja ya zamani ya kuunganishia kompyuta kutoka mbali, ambayo ilikuwa haitumiki tena lakini haikufungwa. Nywila yake ilikuwa imevuja, na akaunti haikuwa na uthibitisho wa hatua ya pili. Akaunti ya mtu aliyeondoka, nywila iliyosahaulika: tulikuwa nazo kumi na nne.

Faili, huduma, au seva yako mwenyewe

Makasha yapo ya namna tatu, na uchaguzi wa kwanza ni kati ya namna hizo wala si kati ya majina ya bidhaa.

Namna ya kwanza ni faili moja iliyosimbwa. Mfano unaojulikana ni KeePass, programu ya bure iliyoanzishwa na Mjerumani Dominik Reichl mwaka 2003. Faili hukaa kwenye kompyuta yako, haihitaji intaneti, haina malipo ya mwezi. Kwa mhadhiri mmoja au ofisi ya watu watatu tunaipendekeza bila kusita, na baadhi yetu tunaitumia. Kwa kampuni ya watu mia na arobaini ina kasoro moja kubwa: faili ina ufunguo mmoja. Anayefungua huona vyote. Akiondoka, anaweza kuwa na nakala ya faili pamoja na ufunguo wake, na hakuna daftari linaloonyesha nani alifungua nini. Unaweza kugawa faili kumi za idara kumi, lakini baada ya miezi sita utakuwa na faili kumi na funguo kumi zilizoandikwa kwenye karatasi chini ya kibodi.

Namna ya pili ni huduma ya kulipia, ambapo makasha hukaa yakiwa yamesimbwa kwenye seva za mtoa huduma. Hapo ndipo walipo Bitwarden, 1Password, Keeper na wengine. Namna ya tatu ni kuweka programu ya aina hiyo kwenye seva yako mwenyewe. Bitwarden inaruhusu jambo hilo, na Passbolt ya Luxembourg ilitengenezwa ikikusudia vikundi vya kazi tangu mwanzo.

Fundi wetu alipenda namna ya tatu, na sababu zake zilikuwa nzuri: data haitoki nchini, na Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inamtaka mwenye taarifa za watu azilinde na atoe taarifa zikichukuliwa. Tulimuuliza swali moja tu. Je, wewe ukiumwa malaria wiki mbili, na umeme ukakatika, nani atainua seva? Alikaa kimya. Kampuni ilikuwa na fundi mmoja. Kumkabidhi yeye peke yake kasha la kampuni kungekuwa kulirudia kosa lile lile la msanifu wa kurasa, safari hii kwa jambo kubwa zaidi. Kampuni yenye mafundi watatu au wanne inaweza kujibu vingine, na hatutabishana nayo.

Lakini huduma ya kulipia nayo ina historia yake. Mwaka 2022 LastPass, mojawapo ya huduma zilizokuwa na wateja wengi zaidi, iliingiliwa. Agosti wavamizi walichukua sehemu ya msimbo wa programu na maelezo ya kiufundi. Kisha wakamwandama mhandisi mwandamizi, mmoja kati ya wanne tu waliokuwa na funguo za hifadhi, wakapitia programu ya kuchezea filamu iliyokuwa kwenye kompyuta ya nyumbani kwake, wakapandikiza kinasa cha herufi alizoandika. Desemba 22, 2022 kampuni ilitangaza kwamba nakala za makasha ya wateja zilikuwa zimechukuliwa. Nywila zilizokuwamo zilikuwa zimesimbwa. Anwani za tovuti hazikuwa zimesimbwa. Maana yake ni kwamba mwizi aliyeshika kasha aliweza kusoma mteja huyu ana akaunti wapi, akachagua kasha la kushughulika nalo kwanza.

Kutokana na kisa hicho tulipata maswali ambayo tuliyapeleka kwa kila mtoa huduma, na tunamshauri yeyote anayechagua ayapeleke. Je, kila kitu ndani ya kasha kimesimbwa, pamoja na anwani na majina, au nywila tu? Je, usimbaji hufanyika kwenye kompyuta ya mtumiaji kabla data haijaondoka, ili mtoa huduma mwenyewe asiweze kusoma? Je, nywila kuu husagwa mara ngapi kabla ya kuwa ufunguo? Swali hili la mwisho linahitaji maelezo. Mfumo mzuri haugeuzi nywila kuu kuwa ufunguo kwa hatua moja. Huisaga kwa hesabu ile ile maelfu ya mara, ili mwizi anayekisia alazimike kusubiri kila anapojaribu. Katika LastPass akaunti mpya zilikuwa zikisagwa mara 100,100, lakini baadhi ya akaunti za zamani zilikuwa zimeachwa kwenye 5,000 au chini yake, na wenyewe hawakujua. Baada ya kisa hicho kiwango kilipandishwa hadi 600,000. Mtoa huduma asiyeweza kukujibu swali hili kwa sentensi moja, mpite. Wengine huongeza kinga ya namna nyingine: 1Password huchanganya nywila kuu na ufunguo wa ziada uliotungwa kwa bahati nasibu na kuhifadhiwa kwenye kifaa cha mtumiaji, hivi kwamba anayeiba kasha kutoka kwenye seva hana cha kukisia bila ufunguo huo.

Kuna swali jingine ambalo hatukulikuta katika miongozo ya wenzetu wa ng'ambo, nalo ni la kwetu. Jioni ya Januari 13, 2021, usiku wa kuamkia uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa Uganda nzima na haikurudi kwa takriban siku tano. Kasha linaloishi mtandaoni pekee lingekuwa limefungwa siku zote hizo, hata kwa nywila ya seva iliyo chumba cha pili. Mifumo kadhaa huacha nakala iliyosimbwa ndani ya kifaa, inayoweza kusomwa bila mtandao. Tusiwaamini wauzaji kwa hilo. Tulichomoa waya wa ruta, tukajaribu. Mifumo miwili ilifunguka. Mmoja ulizunguka na kuzunguka. Hata katika ile iliyofunguka tuligundua mtego: ukiwa umelifunga kasha, utalifungua tena kwa nywila kuu, lakini ukiwa umetoka kabisa katika akaunti, nakala hufutika na huwezi kuingia tena bila intaneti. Kufunga na kutoka ni vitu viwili. Mwongozo wetu unalisema hilo katika ukurasa wa kwanza kwa herufi nzito.

Siku mtu anapoondoka

Hapa ndipo kamati ilitumia muda mwingi kuliko pengine pote, na tunaamini ndipo uchaguzi unapopaswa kuamuliwa. Vitu vingine vyote, rangi za skrini, uzuri wa programu ya simu, idadi ya ripoti, vinalingana kwa kiasi kikubwa katika mifumo mizuri. Tofauti huonekana unapouliza: mtu huyu asipokuja kesho, nini kinatokea?

Mfumo wa kampuni unatakiwa kuwa na makasha ya pamoja yanayomilikiwa na kampuni, mbali na kasha binafsi la kila mtu. Akaunti ya benki ya kampuni haikai katika kasha la mhasibu, inakaa katika kasha la idara ya fedha, na mhasibu hupewa ruhusa ya kulitumia. Akiondoka, ruhusa huondolewa kwa kubofya mara moja. Lakini kuondoa ruhusa hakumfanyi mtu asahau alichokiona. Baadhi ya mifumo hutoa chaguo la kuficha nywila ili mtumiaji aijaze bila kuisoma. Hiyo ni pazia, si ukuta, kwa maana nywila iliyojazwa kwenye kivinjari inaweza kusomwa na mwenye ujuzi kidogo. Kwa hiyo kila anapoondoka mtu, nywila alizozitumia hubadilishwa. Daftari la mfumo, linaloonyesha nani alifungua nini na lini, ndilo linalokuambia ubadilishe zipi. Bila daftari utabadilisha zote mia tatu, au, kama ilivyo kawaida, hutabadilisha hata moja.

Hapa tuondoe pia mazoea moja ya kale. Kampuni ilikuwa na kanuni ya kubadilisha kila nywila kila baada ya siku tisini. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliiacha kanuni ya namna hiyo katika mwongozo wake wa Juni 2017, kwa sababu watu wanaolazimishwa kubadilisha huongeza namba tu mwishoni: Kampala1, Kampala2, Kampala3. Toleo jipya la mwongozo huo, la mwaka 2025, linakataza kabisa kulazimisha mabadiliko ya tarehe, na linataka nywila inayosimama peke yake bila hatua ya pili iwe na angalau herufi 15. Badilisha panapotokea sababu: mtu ameondoka, tovuti imevuja, kompyuta imeibwa.

Kisha kuna aliyesahau nywila kuu, au aliyefariki. Kwa kuwa mtoa huduma hawezi kufungua kasha, kampuni inahitaji njia yake yenyewe. Mifumo mingi ya kampuni ina njia ya msimamizi kurejesha akaunti ya mfanyakazi, lakini tahadhari: mara nyingi ni lazima mfanyakazi awe ameandikishwa katika utaratibu huo mapema, akiwa mzima na kasha lake likiwa wazi. Ukingoja siku ya msiba umechelewa. Tulidai kwamba hakuna mtu anayepewa kasha kabla ya kuandikishwa.

Naye msimamizi je? Akiweza kurejesha akaunti yoyote, anaweza pia kuingia katika akaunti yoyote. Meneja wa fedha, ambaye kwa kazi yake haamini mtu, alitoa suluhisho ambalo halihitaji teknolojia: akaunti ya usimamizi wa juu ina nywila kuu ya maneno manane, manne ya kwanza yamo katika bahasha iliyofungwa kwa lakiri kwa mkurugenzi, manne ya mwisho kwa wakili wa kampuni. Kifaa kidogo cha uthibitisho wa hatua ya pili kimo ndani ya sefu. Bahasha hukaguliwa kila mwaka. Msimamizi wa kila siku ana madaraka madogo zaidi, na jina lake huingia katika daftari kama la mwingine yeyote.

Kuhusu hatua ya pili yenyewe tutasema machache. Namba inayotumwa kwa ujumbe wa simu ni bora kuliko kukosa kabisa, lakini laini ya simu inaweza kuhamishwa na tapeli aliyemshawishi wakala. Programu inayotunga namba kwenye simu ni bora zaidi, na kifaa cha kuchomeka ni bora kuliko zote. Hatua ya pili ya kasha lenyewe isihifadhiwe ndani ya kasha hilo hilo. Tulimkuta mtu aliyefanya hivyo katika wiki ya kwanza ya majaribio, na ilibidi tuanze kutumia njia ya kurejesha mapema kuliko tulivyopanga.

Nywila kuu na somo la upatanisho

Sasa turudi darasani. Kasha lote linaning'inia kwenye nywila kuu, na mtu anatakiwa kuikumbuka bila kuiandika. Tulipowaomba wanafunzi wa mwaka wa pili watunge nywila ndefu ya Kiswahili, wengi walikimbilia methali. Haba na haba hujaza kibaba ina herufi za kutosha, inakumbukwa vizuri, na haifai kabisa. Wavamizi hawakisii herufi moja moja. Hutumia orodha za maneno, misemo, mistari ya vitabu vitakatifu na nyimbo zilizokusanywa mtandaoni, na methali za Kiswahili zimo mtandaoni kwa mamia. Urefu haukusaidii kama mtu mwingine ameshauandika kabla yako.

Njia nzuri ni dadu. Mwaka 1995 Mmarekani Arnold Reinhold alieneza njia aliyoiita Diceware: orodha ya maneno 7,776, idadi inayopatikana kwa kurusha dadu mara tano, na kila mirusho mitano hukuchagulia neno moja. Hatukuwa na orodha ya Kiswahili iliyoturidhisha, kwa hiyo darasa lilitengeneza fupi zaidi ya maneno 1,296, idadi ya matokeo ya mirusho minne. Maneno sita kutoka orodha hiyo hukupa michanganyiko zaidi ya bilioni nne mara bilioni moja. Muhimu ni kwamba dadu ndiyo ichague. Mwanadamu akichagua mwenyewe atachagua mama, Mungu, upendo.

Kutengeneza orodha kulikuwa somo zuri la tahajia kuliko tulivyotarajia. Hapa kwetu, ambako wengi wetu tulianza na Luganda, r na l hubadilishana nafasi kinywani na kalamuni. Kalamu na karamu ni kosa dogo katika insha. Katika nywila kuu ni mlango uliofungwa. Tukaondoa jozi za namna hiyo zote. Tukaondoa maneno yenye ng' kwa sababu baadhi ya simu hugeuza alama ile kuwa ya mviringo, na kompyuta ya ofisini haiitambui kuwa ni ile ile. Tukaondoa yenye dh, th na gh kwa wale wanaozitamka z, s na g. Yaliyobaki ni maneno mafupi ya kila siku, ya herufi tatu hadi saba.

Likazuka tatizo ambalo mwalimu wa hisabati asingeliona. Dadu zilimpa mwanafunzi mmoja kikapu, refu, mvua, saba, chaki, tembo. (Msitumie hiyo, imeshachapishwa.) Akairudisha akiwa ameisahihisha: kikapu kirefu, mvua saba, chaki ya tembo. Tulimpa alama zote za upatanisho wa kisarufi, kisha tukamwomba arudishe kama ilivyokuwa. Akipanga upya maneno ili yalete maana, anaanza kuchagua, na anachochagua yeye kinaweza kukisiwa. Anachoruhusiwa ni kujitungia kichwani kisa kinachoyaunganisha kwa mpangilio ule ule: kikapu ni refu (nahau mbaya, lakini haitoki kichwani), mvua inanyesha siku saba, chaki inamwangukia tembo. Kwa miaka mingi tumekuwa tukiwakata wanafunzi alama kwa kukosa upatanisho. Tumeona ajabu kuwaomba waukose.

Majaribio na bei

Huduma nyingi hutoza kwa kila mtu kwa mwezi. Tuchukue mfano wa dola 5: watu 140 kwa miezi 12 ni dola 8,400 kwa mwaka, na meneja wa fedha aliikata hesabu hiyo kabla haijafika mezani. Lakini si kila mtu anahitaji kasha. Wapakiaji wa ghala walikuwa wakitumia kompyuta moja na hawakuwa na baruapepe za kampuni, wakati mfumo humwalika mtu kwa baruapepe. Tulipowahesabu wenye akaunti za kazi zinazohitaji kulindwa, walikuwa sitini na wawili. Kwa ghala ilibaki akaunti moja ya kompyuta isiyofungua kitu kingine chochote zaidi ya daftari la mizigo.

Majaribio yalichukua mwezi mmoja katika idara tatu zisizofanana: fedha, uhariri na ghala. Tunashauri mifumo ijaribiwe na watu wagumu, si na fundi na marafiki zake. Msomaji prufu wetu, mama wa miaka hamsini na minane ambaye aliweka nywila zake kwenye daftari la shule kwa miaka kumi, alitufundisha zaidi ya ripoti yoyote. Mfumo ambao fundi aliusifu kuliko yote ulimshinda kwa sababu ulimwuliza kila baada ya dakika kumi na tano. Wa pili aliuweza kwa siku tatu. Daftari lake hatukulichoma. Alilichoma mwenyewe mwezi wa pili, akatuita tukashuhudie.

Jambo la mwisho la kukagua kabla ya kutia sahihi ni njia ya kutoka. Mfumo uweze kukutolea yaliyomo yote uyahamishie kwingine siku bei itakapopanda. Faili hiyo ya kuhamishia mara nyingi hutoka ikiwa wazi, haijasimbwa, na husahaulika katika kabrasha la vitu vilivyopakuliwa. Ifutwe siku hiyo hiyo, na lile pipa la takataka la kompyuta limwagwe.

Hatutaji mfumo uliochaguliwa, kwa kuwa kumwambia mwizi aina ya kufuli ni kumpunguzia kazi. Ni wa namna ya pili, unafunguka ruta ikiwa imezimwa, na bahasha mbili ziko mahali pake. Mwaka uliofuata mhasibu mmoja alihamia kampuni nyingine. Ruhusa zake ziliondolewa saa kumi jioni ya siku yake ya mwisho, na nywila kumi na tisa alizokuwa akizitumia zilibadilishwa kabla ya watu kwenda nyumbani. Kitabu chetu kilitoka kikiwa kimechelewa muhula mmoja. Jina la marehemu liko katika ukurasa wa pili.

Orodha ya maneno 1,296 pamoja na mwongozo wa kurasa nane vinapatikana katika ofisi ya idara. Walimu wanaotaka kuvitumia darasani wapite kuchukua nakala, na waje na dadu zao; tulizonazo ni nne tu, na moja imepotea.